Ritifaa

Mfumo ulianguka saa tatu na robo asubuhi
pale Mwaloni, foleni ya mizani imefika kwenye maturubai,
kwa sababu ya mama mmoja wa dagaa
aitwaye Ng'washi.

Karani alimwambia: Mama, tuandike Nwashi tu.
Kompyuta hailitaki jina lako.
Akajibu, gunia bado kichwani:
Jina nilipewa Magu, kompyuta yako haijazaliwa.
Mwite aliyeitengeneza.

Aliyeitengeneza ni mimi.

Nilikuwa Makoroboi, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitenge,
uji wa ulezi unapoa pembeni.
Nikafungua msimbo niliouandika usiku mmoja wa Machi,
umeme unakatika na kurudi, bando linaisha,
nami nataka kulala.
Nikaona.
Jina la mtu nimelishona ndani ya amri yenyewe, uzi mmoja,
kama karani wa mahakama aandikaye hukumu
akamwachia mshitakiwa kalamu aimalizie.

Ritifaa ya Ng'washi ilifunga nukuu kabla ya wakati.
"Washi" ikabaki nje, peke yake,
neno lisilo na kazi mbele ya hifadhidata,
na hifadhidata ikagoma.
Mama wa watu hakukusudia lolote. Alitaja jina.
Ila mimi jasho lilinitoka:
alipojikwaa mwenye jina lake
mwizi angepita wima.
Angeanza na alama hiyo hiyo, kisha aongeze neno,
futa, au nionyeshe, au nilipe mimi,
na ghala zima lingeitika: naam.

Masalu, kijana wetu wa mafunzo, akauliza:
Si tuziondoe tu ritifaa zote?
Nikamwambia: Uanze na Ng'wandu, umalizie na ng'ombe,
utabaki na nani Usukuma?
Usisafishe watu. Rekebisha mlango.

Basi tukaandika amri kwanza, ikatimia, ikakauka,
ikiwa na pengo moja katikati.
Jina likaja nyuma yake, limefungwa kwenye bahasha yake,
na pengo likalipokea kama jina,
hata likija na panga kiunoni ni jina tu.

Ukishainua ubao mmoja unaona mchwa.
Nywila za makarani zilikaa uchi kwenye safu moja,
wawili wao wakitumia mwanza123.
Tukazisaga, usagaji usiorudi kuwa punje,
lakini kwanza chumvi: kila mtu chumvi yake,
ili hata wenye siri moja wasitoe unga mmoja.
Masalu, ambaye mama yake huandaa kayabo Igombe,
alielewa kabla sijafika mwisho.

Na ile orodha ya jioni, ile ya dakika sita,
iliyowafanya madereva wa maroli wanitukane kwa simu?
Ilikuwa inamtuma tarishi ghalani kwa kila gunia,
nenda, rudi, nenda,
safari mia nne na kumi na mbili.
Tukampa karatasi moja na mkokoteni.
Sekunde mbili.
Masalu akabonyeza tena, akidhani imekufa.

Sijamaliza. Ufunguo wa seva bado umo ndani ya faili,
wazi, mtu yeyote mwenye nakala anao.
Nimeandika kwenye kikaratasi: JUMATATU.
Nimekichora mstari, nikachora wa pili.
Kisha nikakaa tena. Jumatatu ni mbali.

Saa kumi Mama Ng'washi alirudi kwenye dirisha.
Stakabadhi ikatoka, wino hafifu,
akaishika kwa mkono wenye magamba,
akaisoma taratibu kama ahesabuye chenji ya mtu asiyemwamini.
Kidole chake kikasimama juu ya ile alama,
ndogo kama jicho la dagaa.

Ipo, akasema.
Akalipa ushuru.